Siku kumi na tela la kuishi: Denver hadi Grand Canyon na kurudi

Familia ni ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu. Gari ni pikapu ya petroli ya kawaida. Nyuma kuna tela la kuishi la futi 25, yaani mita 7.6, lenye ekseli mbili, vitanda vya watoto nyuma, jiko la gesi, choo na bafu. Safari ni ya Juni, kilomita kama 2,490 tela likiwa nyuma, kupitia Colorado, Utah, Arizona na New Mexico. Vibao vya barabarani Marekani ni vya maili, kwa hiyo pale vinapohusika maili zimetajwa.

Anayeanza huuliza kwanza pikapu ina nguvu ya kuvuta kilo ngapi. Swali hilo lingoje. La kwanza ni pikapu inabeba kilo ngapi mgongoni, na la pili ni mzigo wote huo utasimamaje kwenye mteremko.

Siku moja kabla: mizani

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo ambao gari halitakiwi kuuzidi. Kwa pikapu hii ni kilo 760, dereva akiwemo. Watu watano ni kilo 270. Shingo ya tela, yaani chuma cha mbele kinachoungana na gari, inaikandamiza pikapu kwa kilo 370. Kichwa cha kuvutia pamoja na vyuma vya kusawazisha uzito ni kilo 45. Hapo zimeshakwenda 685. Zinabaki kilo 75 za viti vya watoto, sanduku la spana, jeki, maji ya kunywa na vitafunio vya njiani. Pikapu hiyohiyo imetangazwa kuvuta zaidi ya kilo 4,000, tela halifiki 3,000, na bado nafasi imekwisha. Familia nyingi hukosea hapa, kwa sababu muuzaji husoma namba ya kuvuta na hakuna anayefungua mlango kusoma kibandiko.

Tela lenyewe likiwa tupu lina kilo 2,350 na kikomo chake ni kilo 3,175. Maji safi lita 150 ni kilo 150. Mitungi miwili ya gesi, betri, sufuria, sahani, matandiko, nguo, mchele, unga na vya kwenye friji vinafikisha jumla kilo 2,870. Shingo inapaswa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito huo. Asilimia 13 ndiyo kilo 370 tulizozihesabu. Ikiwa chini ya 10, tela hupepesuka kwa upepo mdogo tu. Ikizidi 15, nyuma ya pikapu huzama, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki barabara.

Usikisie. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya sahani tatu: ekseli ya mbele ya gari juu ya sahani ya kwanza, ya nyuma juu ya pili, za tela juu ya tatu. Pima mara tatu, watu wote wakiwa ndani ya pikapu. Kwanza gari na tela vyuma vya kusawazisha vikiwa vimekazwa. Pili, vyuma vikiwa vimelegezwa. Tatu, pikapu peke yake, tela limeachwa kwenye maegesho. Chukua ekseli mbili za pikapu za kipimo cha pili, toa pikapu peke yake: huo ndio uzito wa shingo. Kisha linganisha ekseli ya mbele ya kipimo cha kwanza na cha pili. Vyuma vikifanya kazi, uzito unarudi mbele.

Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli: gunia la mchele, makopo, sanduku la vifaa. Baiskeli zisifungwe kwenye bampa ya nyuma ya tela. Kilo 60 huko mwisho kabisa hufanya kama mtoto mkubwa anayekalia mwisho wa pembea: zinanyanyua shingo na kuanzisha mayumbo.

Mambo mengine ya siku hii ni ya haraka. Tangi la maji safi lisafishwe kwa dawa nyeupe ya kufulia ya klorini isiyo na manukato, mililita 160 kwa lita 150, likae saa nne au usiku kucha, mabomba yote yakiwa yamefunguliwa mpaka harufu itoke, kisha lisuuzwe. Friji iwashwe leo, kwani huchukua nusu siku au zaidi kupoa, na vyakula viingie vikiwa tayari baridi. Maharage yachemshwe nyumbani na kugandishwa kwenye vifuko bapa. Sababu itaonekana Siku ya 6.

Matairi: kila tairi la tela hapa lina uwezo wa kilo 925 kwa upepo wa paundi 65, na upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kashata, na likipita miaka mitano au sita lisipelekwe jangwani hata kama linaonekana jipya.

Siku ya 1: Denver hadi Grand Junction, km 391

Ondoka kati ya Jumatatu na Alhamisi, saa 12 asubuhi. Ijumaa mchana na Jumamosi asubuhi barabara ya I-70 kuelekea magharibi hufurika watu wanaokwenda milimani.

Kuunganisha kuna mpangilio, na mpangilio huo haubadilishwi hata kama mvua inanyesha. Kabari ziko chini ya matairi ya tela. Pikapu inarudi nyuma mpaka tufe la kichwa cha kuvutia liko chini ya kikombe cha shingo. Shingo inashushwa kwa jeki mpaka kikombe kikalie tufe, komeo linafungwa, pini inapita. Sasa inua shingo tena kwa jeki sentimita tano. Nyuma ya pikapu ikiinuka nayo, kikombe kimeshika. Isipoinuka, komeo limefungwa juu ya tufe bila kulikumbatia. Hakikisha pia ukubwa: kikombe cha inchi 2 na 5/16 kitakaa juu ya tufe la inchi 2 kana kwamba kila kitu ni sawa, na kitachomoka kwenye tuta la kwanza.

Baada ya hapo vyuma vya kusawazisha. Minyororo miwili inapishana msalaba chini ya shingo, ili shingo ikidondoka idakwe na minyororo badala ya kuchimba lami. Waya wa dharura unaowasha breki za tela endapo litaachana na gari ufungwe kwenye gari lenyewe, kamwe usifungwe kwenye mnyororo. Plagi ya pini saba. Mtu mmoja anasimama nyuma, dereva anawasha indiketa kushoto, kulia, breki, taa za usiku. Jeki inapanda hadi mwisho. Kabari hutoka za mwisho kabisa. Mtu mmoja anafanya, mwingine anapita nyuma yake akigusa kila kitu kwa mkono. Wasiongee habari nyingine wakati huo.

Kwenye barabara tulivu karibu na nyumbani, ukiwa na kasi ya km 40 kwa saa, vuta kwa mkono kitufe cha kidhibiti cha breki za tela bila kukanyaga pedeli. Tela linatakiwa kuivuta pikapu nyuma kwa nguvu bila matairi yake kuserereka. Yakiserereka, punguza, gari likiendelea kama hakuna kitu, ongeza. Hakuna mtu anayekaa ndani ya tela njiani, hata mtoto aliyelala. Huko hakuna mkanda.

Kutoka Denver, mita 1,600, barabara inapanda hadi handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, lenye urefu wa km 2.7. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, kwa hiyo mlangoni mwa handaki imebaki na theluthi mbili tu. Kaa upande wa kulia pamoja na malori, gia ndogo, km 60 kwa saa, na usione haya. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi cha gari.

Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya dereva. Upande wa pili wa handaki barabara inateremka kwa asilimia 7 hadi Silverthorne, zaidi ya mita 600 kwenda chini. Kando kuna njia za changarawe zinazopanda mlima, zilizojengwa kunasa malori yaliyoishiwa breki. Aliyeshuka Kitonga na lori la shehena, au anayejua yaliyowapata wanaoachia gia huru pale Salgaa, ameshaelewa. Punguza kasi ndani ya handaki, kabla ya mteremko, ingia gia ya pili au ya tatu, shuka kwa km 65 kwa saa. Injini ilie, mlio huo ndio breki yako ya kwanza. Kasi ikifika 75, kanyaga breki imara mpaka 60, kisha achia kabisa ili zipoe. Kinachounguza breki ni mguu unaokaa juu ya pedeli kwa wepesi dakika kumi mfululizo: bitana zinapata moto, pedeli inakuwa laini, harufu kama ya plastiki inayoungua inaingia ndani, na mguu ukikandamiza hakuna kinachoshika. Ukisikia harufu hiyo ukiwa bado na breki, toka kwenye njia ya kwanza ya kutokea, egesha, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye ngoma za breki.

Silverthorne ni pa kusimama. Kunywa chai, gusa habu za magurudumu yote manne ya tela kwa nyuma ya mkono, kwa tahadhari. Zinatakiwa kuwa na joto linalolingana. Kama moja ni kali na nyingine ni za vuguvugu, breki yake inakwama au beringi inaomba grisi. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupima nguvu, futi-paundi 90 hadi 120 kulingana na kitabu cha tela. Kama magurudumu yalifunguliwa karibuni, nati hukazwa tena baada ya km 16, 40 na 80.

Kipito cha Vail, mita 3,250, ni marudio ya somo hilohilo. Kisha barabara inaingia korongo la Glenwood Canyon na kushikana na mto Colorado, mto utakaoonekana tena Moab na tena chini ya Grand Canyon. Sehemu hii ya I-70 ilikamilika mwaka 1992, ikiwa juu ya nguzo, upande mmoja ukining'inia juu ya mwingine. Tangu moto wa mwaka 2020 kuchoma miti ya kuta zake, mvua kubwa huweza kuleta tope na mawe barabarani na kuifunga. Angalia hali ya barabara kabla ya Dotsero. Njia za kuzunguka ni ndefu mno, na nyingine hazifai tela.

Mafuta: na tela, pikapu hii hula lita 25 kwa km 100. Tangi la lita 98 halikufikishi Grand Junction kwa raha. Jaza likifika nusu, siku zote. Chagua pampu za malori za pembeni ambazo unaweza kupita moja kwa moja, na funga mitungi ya gesi kabla ya kuingia kituoni.

Siku ya 2: Grand Junction hadi Moab, km 182

Siku fupi kwa makusudi, kwani kazi ya leo ni kuegesha. Jaza mafuta Fruita. Baada ya hapo vituo ni vichache. Mpaka wa Utah ukishavukwa, kasi inayoruhusiwa hufika maili 80 kwa saa. Wewe usifike. Matairi mengi ya tela yametengenezwa kwa maili 65, yaani km 105, labda yawe yameandikwa vingine. Km 100 kwa saa inatosha. Toka kwenye I-70 njia ya kutokea namba 182, Crescent Junction, ushike barabara 191. Barabara 128 inayofuata mto ni nzuri kwa macho, lakini ni nyembamba na ina kona nyingi. Irudie kesho bila tela.

Lori refu likikupita, upepo wake kwanza husukuma tela pembeni, halafu hulivuta. Shika usukani bila kuupiga. Tela likianza kupepesuka, usikanyage breki za gari na usiongeze mafuta kulinyoosha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, vuta kitufe cha breki za tela peke yake. Tela litajivuta nyuma na kunyooka. Kisha simama penye nafasi utafute chanzo, ambacho mara nyingi ni mzigo uliohamia nyuma au tangi la nyuma lililojaa.

Kambini Moab, dereva na utingo. Utingo hukaa upande wa dereva, ambako anaonekana kwenye kioo. Kanuni ni moja: dereva asipomwona utingo, anasimama. Weka mkono chini ya usukani. Upande unaosogeza mkono ndiko mkia wa tela unakoenda. Geuza kidogo, mapema, taratibu. Pembe kati ya gari na tela ikianza kujikunja, usijaribu kuokoa. Nenda mbele, nyoosha, anza upya. Tazameni juu pia: matawi huchana kiyoyozi cha paa.

Kusawazisha: kwanza kushoto na kulia, ukipandisha tairi za upande wa chini juu ya vibao kabla ya kulitenga gari. Kisha kabari. Kisha kutenganisha. Kisha mbele na nyuma kwa jeki ya shingo. Miguu ya kona inashushwa mwisho, na kazi yake ni kutuliza mtikisiko tu. Ukiitumia kuinua tela utapinda fremu na milango itakataa kufunga. Friji ya gesi inahitaji tela lililo sawa, kwa sababu amonia ndani yake hutembea kwa mvutano wa dunia, bila pampu.

Umeme wa kambi kwa tela hili ni ampea 30 kwa volti 120, jumla wati 3,600. Kiyoyozi hula 1,500. Maikrowevu 1,500. Hita ya maji 1,440. Birika la chai 1,500. Viwili pamoja, sawa. Vitatu, swichi inakata. Mama akitaka kuchemsha maji ya chai kwenye birika huku kiyoyozi kikinguruma, hita ya maji ihamie gesi. Zima swichi ya nguzo kabla ya kuchomeka, tumia kinga ya umeme, na usome volti. Alasiri ya joto, kambi yote ikiwa imewasha viyoyozi, volti hushuka. Zikifika 105 zima kiyoyozi, la sivyo kompresa itaungua.

Maji: kipunguza presha hufungwa kwenye bomba la kambi, kabla ya mpira, si upande wa tela. Paundi 40 hadi 50 zinatosha.

Siku ya 3: Arches, tela limebaki kambini

Ingieni hifadhini jua linapochomoza. Njia ya Delicate Arch, tao lililo kwenye namba za magari za Utah, ni km 4.8 kwenda na kurudi, ikipanda mita 146 juu ya mwamba usio na kivuli. Hesabu ni lita mbili za maji kwa kila mtu, mtoto pia. Juni joto hupita nyuzi 38 mchana, kwa hiyo saa 4 asubuhi muwe mmesharudi kwenye gari.

Turubai la kivuli la tela likunjwe kila mnapoondoka. Upepo wa ghafla hulinyanyua na kulipindua juu ya paa, na mikono yake ya chuma hurarua ukuta.

Siku ya 4: Moab hadi Monument Valley, km 240

Barabara 191 inapanda hadi Monticello, mita 2,150, inashuka Bluff, kisha 163 kupitia Mexican Hat. Onyo moja zito: ramani ya simu huweza kukushawishi upite barabara 261. Huko kuna Moki Dugway, km 5 hivi za changarawe zilizochongwa kwenye ukuta wa mwamba, mteremko wa asilimia 10, kona za kurudi nyuma. Tela halipiti hapo. Pangeni njia jana usiku, muipakue kwenye simu, kwani mtandao hukatika.

Monument Valley ni ardhi ya Taifa la Navajo, wenyeji wa asili wa Marekani, yenye sheria zake. Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa haitumiki. Pombe ni marufuku kwenye ardhi yote ya Navajo, pamoja na iliyo ndani ya friji ya tela. Droni ni marufuku. Barabara ya vumbi ya maili 17 inayozunguka minara ya mawe haipokei matela. Acheni tela kambini, muingie na pikapu.

Na saa. Navajo husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, Arizona nyingine haisogezi. Simu itarukaruka kesho. Andikeni muda wa kambi ya kesho kwenye karatasi kwa saa ya Arizona.

Siku ya 5: Monument Valley hadi Grand Canyon, km 290

Hii ndiyo siku ya upepo. Kayenta, Tuba City, Cameron: nyanda wazi, mchanga unaotambaa juu ya lami, ubavu wa tela ukiwa kama tanga la jahazi. Ukubwa wa ubavu huo ni karibu mita 7 kwa 3. Upepo huwa mtulivu asubuhi na kuamka baada ya saa 5, basi ondokeni saa 12. Mikupuo ikitabiriwa kupita km 65 kwa saa, laleni siku nyingine. Malipo ya kambi iliyopotea ni madogo kuliko tela lililolala ubavu mtaroni.

Tangi la maji safi leo liwe na lita 30 tu. Kambi ya leo jioni ina maji, na kilo 120 zilizoachwa zitaonekana kuanzia Cameron, ambako barabara 64 inapanda karibu mita 1,000 hadi Desert View. Pale simameni, kuna maegesho ya magari marefu. Mnara wa mawe wa mita 21, kazi ya msanifu Mary Colter, umesimama ukingoni tangu mwaka 1932. Shikeni watoto mikono kabla ya kufungua milango. Sehemu nyingi za ukingo hazina uzio.

Kuingia kambini: kambi ya Mather haichukui vyombo vinavyozidi futi 30 na haina umeme wala maji kwenye viwanja. Trailer Village jirani ina umeme, maji na bomba la maji machafu, viwanja vya lami vya kupita moja kwa moja, na inapokea hadi futi 50. Kwa gari na tela hili, ni Trailer Village, na huwekwa nafasi miezi mingi kabla.

Siku ya 6: Grand Canyon

Pikapu ipumzike. Mabasi ya hifadhi ni ya bure.

Asubuhi ni kazi ya matangi ya maji machafu. Kuna mawili: la choo, na la maji ya sinki na bafu. Valvu ya tangi la choo hubaki imefungwa muda wote hata kama bomba limeunganishwa. Ukiiacha wazi, maji huchuruzika peke yake na yaliyobaki hujenga kichuguu kigumu chini ya kiti, ambacho hakuna dawa ya kukiondoa kwa urahisi. Subiri lijae theluthi mbili. Vaa glavu. Unganisha bomba, hakikisha limeng'ata, fungua tangi la choo mpaka mlio uishe, funga. Ndipo ufungue la maji ya sinki, yasuuze bomba. Rudisha lita 15 za maji safi na dawa kwenye tangi la choo kabla ya mtu kulitumia. Karatasi ya chooni iwe ile laini inayoyeyuka. Ijaribu nyumbani kwa kutia kipande kwenye chupa ya maji na kutikisa.

Mchana ni chakula. Hapa ni mita 2,100 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Maharage makavu yatatokota kutwa na bado yatagonga meno, yatamaliza gesi, yatajaza tela mvuke. Ndiyo maana ya vile vifuko vilivyogandishwa. Ugali unakubali, ila maji yachemke kwelikweli na uache uive dakika tano zaidi, moto mdogo. Jiko la tela ni dogo na jepesi. Shika sufuria kwa koleo unaposonga, au isongee chini juu ya kitambaa kilicholowa. Fungua dirisha na feni ya paa kila jiko linapowaka, kwani hewa ya sumu ya kaboni haina harufu, na king'ora chake kijaribiwe leo.

Nyama choma yataka kuuliza kwanza. Kiangazi maeneo haya huwekewa katazo la moto, na mkaa mara nyingi huwemo ndani ya katazo, ilhali jiko la gesi lenye kizimio huruhusiwa. Ulizeni getini.

Siku ya 7: Grand Canyon hadi Gallup, km 440

Kupitia Williams na Flagstaff, kisha I-40. Lami ya jangwa mchana ni tanuri, na matairi ya tela hupasukia hapa. Sababu kwa kawaida ni upepo pungufu: tairi lililopungua hujikunja kila mzunguko, linajipasha moto kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira. Likipasuka, usikanyage breki ghafla. Tela la ekseli mbili husimama kwenye tairi tatu kwa muda wa kutosha kutoka barabarani.

Kubadilisha: legeza nati kidogo kabla ya kuinua. Jeki iwekwe chini ya fremu, karibu na springi, isiwekwe katikati ya bomba la ekseli, maana bomba hupinda na matairi yataliwa upande mmoja milele. Kama huna jeki ndefu, pandisha tairi zima la jirani juu ya vibao vya kusawazishia. Lililopasuka litaning'inia lenyewe. Kisha kagua bomba la gesi na nyaya za breki karibu na tairi, kwa sababu mpira uliochanika hupiga kama kiboko na kuvikata.

Siku ya 8: Gallup hadi Las Vegas ya New Mexico, km 420

Pitieni Albuquerque kabla ya saa 9 alasiri, msikutane na foleni ya jioni kwenye makutano ya I-40 na I-25.

Siku ya 9: Las Vegas hadi Pueblo, km 343

Upepo wa ubavuni tena kuzunguka Wagon Mound, kisha kipito cha Raton, mita 2,388, na mteremko kuelekea Trinidad. Gia ileile ya kupandia ndiyo ya kushukia. Kagua habu Trinidad.

Siku ya 10: Pueblo hadi Denver, km 185

Mwaga matangi kambini Pueblo kabla ya kuondoka, maana nyumbani hakuna pa kumwaga, na fungulia maji safi yatoke yote. Nyumbani, kabari kabla ya kutenganisha chochote. Mitungi ya gesi ifungwe. Friji izimwe, ikaushwe, mlango uachwe wazi kwa kipande cha kitambaa, la sivyo ukungu utaishi humo hadi safari ijayo. Betri ichomolewe. Pitisha kiganja juu ya kashata za matairi yote manne, kutoka nje kwenda ndani. Ukihisi ngazi au ukali upande mmoja, ekseli imepinda au springi imechoka. Andika kwenye daftari la tela, pamoja na kilomita, tarehe na uzito uliopimwa.